Doa Lisiloshika Rangi

"Bado, fundi."

Mama alilitamka neno hilo akiwa katikati ya sebule, mikono kiunoni, leso kaifunga kifuani. Juu ya ngazi Alamin aliteremsha brashi taratibu. Hakuuliza bado nini. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, na miguu yangu iliyosimama mbele ya mashine ya pasi tangu asubuhi ilikuwa inanisihi nikae chini, popote pale, hata juu ya turubai lenye rangi.

"Dari sina neno nayo," Mama akaendelea. "Ukuta wa huku mzuri, wa kule mzuri. Lakini lile doa lako limerudi."

"Doa langu, Bi Mbeyu?"

"Si wewe uliyepaka?"

Alamin akateremka. Aliteremka kama mtu anayeogopa ngazi, ilhali kazi yake ni ngazi. Akausogelea ukuta unaotazama mlango wa mbele, akainama. Pale chini, palepale pa kila Jumamosi, lilikuwapo doa la mviringo, kubwa kiasi cha kisahani cha kikombe, rangi yake chai ya maziwa. Wiki iliyopita alilipaka mpaka likapotea kabisa. Sasa limejitokeza tena, limetulia, halina haraka na mtu.

"Nilikwambia tangu mwanzo, Bi Mbeyu. Hili ni doa la mafuta. Rangi ya maji haitalishika hata nikipaka mwaka mzima. Niruhusu nitie kwanza andakoti ya mafuta, ile rangi ya chini, pale tu, pahali padogo. Kisha rangi juu yake. Siku moja tu litakuwa limekwisha."

Mama akajishika kifua. "Na harufu yake? Kifua changu hakiwezi harufu ya mafuta. Unataka nife kabla binti hajaolewa?"

"La, Bi Mbeyu."

"Basi tafuta njia nyingine. Fundi ni wewe." Akageuka, akanipita pale mlangoni, akaniambia bila kunitazama, "Nakwenda kutia udhu. Mlango uwe wazi."

Hapo yabidi nieleze, maana msomaji atauliza mchumba anafanya nini ndani ya nyumba ya mkwe na hata posa haijajibiwa. Mjomba wake Alamin alikuja na wazee wawili kutoka Msambweni, wamevaa kanzu safi, wamebeba heshima zao zote. Mama aliwapokea barazani. Aliwapa chai na mahamri, akawauliza habari za huko, za jamaa, za mvua. Walipofikia neno lenyewe akasema, "Nyumba yangu haijapakwa rangi tangu marehemu atutoke. Wageni wa heshima kama nyinyi siwezi kuwaingiza ndani ya kuta kama zile, na jibu la posa sitoi barazani. Ikishapakwa, mrudi, mpite ndani, mtapata jibu lenu."

Mjomba akacheka. Alidhani amepewa kazi rahisi. "Basi, Bi Mbeyu, kijana wetu ni fundi rangi. Atakupakia mwenyewe."

Mama akakosa pa kutokea. Lakini Mama hakosi neno. Akasema sawa, aje, ila atakuja kama fundi. Akishavuka kizingiti hiki si mchumba wa mtu. Asimtazame binti yangu, na binti yangu asimtazame. Kaka yangu Chirau, anayefanya kazi afisini kule Kwale mjini na ndiye atakayeniozesha kwa kuwa Baba hayupo, alipopigiwa simu alisema maneno machache tu: "Mama akitoa neno, mimi niko tayari. Bila neno la Mama sitii mguu."

Basi kila kitu kikaning'inia kwenye brashi ya Alamin.

Na Alamin alipaka. Mwezi huo hoteli za Diani zilikuwa hazina wageni, na wageni wakipungua ndipo mafundi rangi wanapopata kazi, kwa hivyo wiki nzima alikuwa chali chini ya dari za watu, na Jumamosi mchana badala ya kupumzika alipanda pikipiki akaja kwetu Kinondo. Kwanza alipaka rangi ya krimu. Mama akasema amejiona yuko wadi. Akapaka kijani cha kupauka. Mama akasema amejiona yuko skuli. Akarudi kwenye krimu, lakini yenye joto kidogo, kaichanganya mwenyewe ndooni, na hapo Mama akakosa kasoro. Nikashukuru Mungu. Ndipo doa likaanza kurudi.

Sikujua la kufanya. Kazi yangu ni kwenye dobi ya hoteli, na msidhani wageni wakiondoka dobi hupumzika. Ndipo mapazia yanapoteremshwa, na mablanketi, na vitambaa vya viti, vyote vifuliwe na kupigwa pasi kabla ya msimu. Nilikuwa narudi nyumbani mikono imekufa ganzi. Nikimtazama Alamin kwa kuibia, namwona naye shingo haigeuki. Mapenzi ya vijana wadogo yana mambo ya kupeana maua, sijui matembezi ya ufuoni. Sisi mapenzi yetu yalikuwa ni watu wawili waliochoka wanaotazamana kwa pembe ya jicho huku mama mtu anachambua mchele ukumbini.

Nilisikia maji ya udhu yakimwagika uani. Nikaliweka sinia chini.

"Chai hii."

"Nimeiona."

"Inapoa."

"Iache ipoe, Mwanaima."

Hakuwahi kunijibu hivyo. Alikuwa amenipa mgongo, anasugua doa kwa msasa, sugua sugua, vumbi jeupe linamwangukia miguuni. Shati lake la kazi lilikuwa na rangi za vyumba vyote alivyowahi kupaka.

"Kwani mimi ndiye niliyekwambia bado?" nikamuuliza.

"Sijasema ni wewe."

"Unanijibu kama ni mimi."

Akaacha kusugua. Akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu. Sikujua ni vumbi au nini.

"Niambie ukweli. Mamako hanitaki?"

"Angekuwa hakutaki ungeshaambiwa. Mama hana haya na mtu."

"Basi anataka nini? Dari nimepaka. Kuta nimegeuza rangi mpaka mwenye duka ananicheka, ananiuliza napaka nyumba ngapi. Wiki nzima natazama juu, Mwanaima. Nikilala nafumba macho naona dari. Jumamosi nakuja kwenu natazama juu tena. Na kila nikiteremka kwenye ngazi naambiwa bado. Shingo inauma, mkono unauma, na sasa hata roho inauma. Mimi nimechoka."

"Nani hajachoka?"

"Wewe huambiwi bado."

Hapo alinichoma. Nikasahau kuwa mlango uko wazi na Mama ana masikio.

"Mimi siambiwi? Hiyo bado yako unaiacha hapa ukipanda pikipiki. Mimi ndiye ninayebaki nayo. Naamka nayo, nakwenda nayo kazini, narudi nayo. Majirani wananiuliza, vipi, wazee wamerudi? Nasema bado. Kaka ananipigia, vipi, Mama kasema? Nasema bado. Nina miaka thelathini na ushei, nilishaolewa nikaachwa, na nakaa nangoja ukuta ukauke kama mtoto anayengoja ruhusa ya kwenda kucheza. Usiniambie mimi habari ya kuchoka, Alamin. Kuchoka ni kwangu. Wewe umekuja kunitembelea."

Alinitazama muda mrefu. Tulikuwa hatujatazamana hivyo tangu aanze kazi ile nyumbani. Nilitamani asogee hatua moja tu. Hakusogea. Akainama, akaokota brashi yake, akaanza kuikung'uta ndooni.

"Pengine nisije Jumamosi ijayo," akasema.

Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniua. Mtu akigomba unajua bado anataka kitu.

"Ukipenda," nikamjibu. Ulimi wangu ndio uliojibu, mimi sikuwa nao.

"Sijasema nakuacha. Nasema nipumzike. Nifikiri."

"Fikiri. Hakuna aliyekuzuia."

Toka chumbani kwa Mama ikasikika takbira yake ya Alasiri, sauti ndogo, kisha kimya. Nje mvua ilikuwa imeanza ile ya manyunyu isiyolowesha wala kukausha. Alamin akaweka brashi chini. Akautazama ule ukuta, akautazama mlango, nami nilidhani anakwenda zake. Badala yake miguu ilimkatikia. Sijui niseme vipi. Akateleza na ukuta taratibu mpaka akakaa kitako juu ya turubai, magoti juu, kichwa kakiegemeza nyuma, macho kafumba.

"Nipe hiyo chai," akasema.

Nikampa. Akanywa ikiwa baridi, akaimaliza yote. Mimi nilibaki nimesimama mbele yake, hasira imenitoka yote, kilichobaki ni uchovu tu na kumpenda.

"Babako alikuwa mfupi?" akauliza.

"Baba?"

"Ulinambia doa hili ni la kichwa cha babako. Kwamba alikuwa akikaa hapa akisikiliza redio."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Baba alikuwa na pahali pake pale. Jioni akishakoga alijipaka mafuta ya nazi kichwani, akatandikiwa mkeka, akaegemea, redio kaipakata. Nimekua namwona hivyo. Mama naye kila akilizungumza hakusema ni la nani, alisema doa tu, na mimi sikuuliza.

"Baba alikuwa mrefu," nikasema. "Mrefu kushinda Chirau. Milango alikuwa akiinama."

Alamin akafumbua macho. Akapeleka mkono nyuma ya kichwa chake, akapapasa ukuta. Kisha akageuka akaangalia. Doa lilikuwa chini ya kichwa chake, karibu na mabega.

"Mimi si mrefu," akasema. "Na doa liko chini yangu. Basi si la babako."

"Pengine alikuwa akijilaza."

"Alijilaza vipi? Hebu nionyeshe."

Nilikuwa nimechoka, ndiyo maana nilikubali. Ningekuwa na akili zangu ningesema mimi si mtu wa kukaa sakafuni na mwanamume nyumbani kwa mama yangu. Nikavuta pindo la buibui langu, nikakaa pale alipopisha yeye, nikanyoosha miguu kama Baba alivyokuwa akinyoosha, nikaegemea ili nimwonyeshe.

Kichwa changu kikaingia palepale.

Sikupapasa. Sikuhitaji. Shingo yangu ilipajua. Mgongo wangu ulipajua, hata ule mpasuko mdogo wa saruji chini ya kiganja changu cha kushoto niliujua, kwa kuwa niliuchokonoa kwa ukucha kila siku. Na mbele yangu mlango uko wazi, na nje ya mlango ile njia itokayo barabarani, unaiona yote, mtu akikata kona pale kwa jirani unamwona kabla hajakuona.

Alamin alikuwa amesimama sasa. Alinitazama mimi, akautazama mlango, akanitazama mimi tena. Nikaona kwamba ameelewa, ila hakujua ameelewa nini.

"Ulikuwa ukimngoja nani?" akaniuliza polepole.

Kabla ya siku ile alijua neno moja tu la ndoa yangu ya kwanza. Nilimwambia tuliachana. Watu huachana, akasema, nami nikafurahi kwamba hakuchimba. Sasa nilikuwa nimekaa pale, sina nguvu ya kusimama wala ya kusema uongo.

"Alinileta kwa Mama siku ya Idi," nikamwambia. "Tulikuja na keki. Alikula hapa, akacheka na Mama, akampa mkono wa Idi. Jioni akasema, wewe kaa na mamako kidogo, mimi nitakuja kukuchukua Jumatatu. Nikakaa hapa ili nimwone akikata kona."

"Hakuja."

"Hakuja Jumatatu. Nikasema kazi imembana. Simu alikuwa akipokea mwanzo mwanzo, ananiambia kesho, kesho kutwa. Halafu akawa hapokei. Kisha likaja sanduku langu na tuktuk, dereva hata simjui, nguo zimekunjwa vizuri. Talaka ilikuja kwa simu, Alamin. Maneno ya kusoma. Hata sauti yake sikuisikia."

"Na ukaendelea kukaa hapa."

"Nikaendelea. Sijui kwa nini. Nilijua haji, lakini nilikuwa sina pahali pengine ndani ya nyumba hii ninapojua kukaa. Nilikaa tu. Mama alikuwa ananitia..."

Nikanyamaza, maana hapo ndipo nilipokumbuka.

"Nilikuwa namtia mafuta kichwani," Mama akasema.

Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani na vazi lake la sala. Sijui alisimama muda gani. Nilitaka kuinuka, akanikataza kwa kiganja.

"Kila jioni," akasema, na alikuwa anasema na Alamin, si nami. "Hakuwa akila. Hakuwa akisema. Nikimwogesha anaogeshwa, nikimvisha anavishwa. Kitu alichokuwa akinikubalia ni kumtia mafuta kichwani. Nikaona, basi nitafanya hicho. Nikimaliza anakiegemeza kichwa pale na mafuta yake, anatazama njia. Doa la babake nililisugua mimi kwa mikono yangu baada ya arubaini. Lilitoka. Hili lako hili, fundi, ni la binti yangu."

Alamin akakunja mikono mbele kama mtu aliyesimama kwa kadhi.

"Nisamehe, Bi Mbeyu. Sikujua."

"Hukujua kwa kuwa hukuuliza. Kila Jumamosi nasimama hapa nakuonyesha doa. Kila Jumamosi wewe na brashi. Kila Jumamosi rangi ya maji, sijui mafuta, sijui andakoti. Nikasema moyoni, huyu naye ni wa kufunika. Yule wa kwanza alikuwa fundi wa kufunika. Alikula chakula changu cha Idi akacheka na mimi, na moyoni kashamwacha mwanangu." Akauonyesha ukuta kwa kidole. "Mtu akija kumtaka mara ya pili, nataka ajue ile mara ya kwanza alikaa wapi. Aulize mwenyewe. Si mimi nimwambie."

"Na kama nisingeuliza?"

"Ungepaka mpaka uzeeke."

Nusura nicheke, na machozi yanatoka. Alamin yeye hakucheka. Alisogea hatua moja mbele.

"Bi Mbeyu, nikwambie kweli. Kabla hujatoka kusali nilikuwa nimemwambia Mwanaima pengine sitakuja Jumamosi ijayo."

Nikamtazama kwa mshangao. Nani aliyemwomba aseme hayo, na wakati huo?

"Nilisikia," Mama akasema.

"Nilisema kwa kuchoka. Sitaki useme nimekuficha. Nilichoka na nikasema, lakini miguu haikutoka. Nilikaa chini pale pale. Siwezi kukuahidi kwamba sitachoka tena. Kazi yangu unaiona, na yake unaiona. Nitachoka sana. Lakini nikichoka nitakaa chini alipo yeye, nimwambie usoni. Mtu wa kumleta kwa mamake siku ya Idi na kumtoroka, mimi siye."

Mama alimtazama toka juu hadi chini, shati la rangi zote, miguu yenye vumbi. Manyunyu yalikuwa yanapiga mabati bila nguvu. Nilijua neno litakalofuata ndilo maisha yangu, ama nitoke ndani ya nyumba hii na mtu huyu, ama nibaki na ukuta.

"Basi nitaliacha," Alamin akasema kwa sauti ya chini. "Nitapaka kando yake. Likae, kama wataka."

"Uache doa sebuleni? Wageni waje walione?" Mama akashangaa kwelikweli. "Nyumba yangu unaionaje wewe? Lipake."

"Rangi ya maji haitalishika, Bi Mbeyu."

"Leta hiyo ya mafuta."

"Na kifua?"

"Kifua changu hakina neno," Mama akasema, akajiweka sawa vazi lake la sala bila haya hata kidogo. "Wala hakijawahi kuwa na neno."

Alamin alikwenda kwenye pikipiki akarudi na kopo dogo. Lilikuwa limeviringishwa ndani ya gazeti, vumbi juu yake. Nikajua amelibeba tangu Jumamosi zile za mwanzo, kwenda nalo na kurudi nalo. Akalifungua kwa bisibisi, harufu kali ikajaa sebuleni, Mama akafungua dirisha na hakukohoa hata mara moja.

Alichovya brashi, akaikamua ukingoni mwa kopo, akainama kuelekea ukutani. Kisha akasita. Akanigeukia, akaigeuza brashi, akanielekezea mpini.

"Lako," akasema.

Nikamtazama Mama. Mama akawa anatazama dari, ile asiyokuwa na neno nayo.

Nilipiga magoti nikapokea brashi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Alamin alichuchumaa pembeni, kopo mkononi, hakunigusa, ila nilisikia pumzi yake.

"Usibonyeze sana. Toka juu, teremsha. Hivyo. Usirudie rudie."

"Mkono unatetemeka."

"Uache utetemeke. Itajisawazisha yenyewe."

Nikapaka. Rangi nyeupe ikapita juu ya zile jioni zote, na sikusikia furaha wala huzuni, nilisikia kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani na shingo bado inadhani ndoo ipo. Doa lilikaa kidogo chini ya weupe, likafifia, likaenda. Nilingoja lirudi. Alamin naye alingoja. Halikurudi.

"Likikauka vizuri nitapitisha krimu juu yake," akasema. "Halafu basi."

"Basi," nikasema.

Akanipa kitambaa chenye mafuta ya taa nifute vidole. Vidole vyetu viligusana ndani ya kile kitambaa, pahali ambapo Mama hakuweza kuona, na hakuna aliyeondoa chake upesi.

"Alamin," Mama akaita.

Sote wawili tuligeuka. Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Tangu siku ya kwanza ilikuwa fundi, fundi hivi, fundi vile.

"Naam, Mama."

Na yeye hakuwahi kumwita Mama. Alijisikia amesema, akababaika, lakini Mama hakumrekebisha.

"Mwambie mjombako aje na wazee wake. Wakifika wasikae barazani. Wavue viatu wapite ndani. Mimi nitampigia Chirau."

Alamin akaupokea mkono wa Mama kwa mikono yake miwili iliyojaa rangi, akauinamia, na Mama alipoupata mkono wake tena ulikuwa na madoa meupe mpaka kifundoni. Akautazama, akaguna.

Nilimsindikiza mpaka barazani tu, kwa heshima. Alifunga ngazi yake pembeni ya pikipiki, polepole, shingo haimgeuki. Alikuwa amechoka, masikini, alikuwa mtu wa kubebwa.

"Utalala leo?" nikamuuliza.

"Leo nitalala. Sijui kama nitaota dari."

"Na Jumamosi?"

Akanitazama. Ile ya kunitazama kwa kuibia ilikuwa imekwisha, alinitazama wazi, na mimi nikamwacha anitazame.

"Jumamosi nitakuja na mjomba," akasema. "Na nikishindwa kwa lolote, nitakuja mwenyewe kukwambia nimeshindwa. Hutakaa ukatazama njia."

Akaondoka kwenye manyunyu. Nilimwona akikata kona pale kwa jirani. Kisha nikaingia ndani, na nilipoingia nilishtuka, maana sikusimama kungoja nione kama atageuka.

Tulisali Magharibi. Sebule ilikuwa inanuka rangi, na ilionekana kubwa kuliko tulivyoizoea. Nilijitupa sakafuni katikati ya chumba, viungo vyote vimelegea, kilemba nimekivua. Mama alikuja na mkeka na kichupa cha mafuta ya nazi. Akautandika mkeka chini, akakaa kwa taabu, magoti yake yakilia.

"Njoo nikutie mafuta. Nywele zimekauka na mvuke wa dobi yenu."

Nikajivuta nikakaa mbele yake. Akamimina mafuta kiganjani, akayapasha joto kwa kusugua viganja, akaanza utosini, polepole, kama jioni zile. Vidole vyake vilikuwa bado vina ile rangi nyeupe ya Alamin. Nilisikia usingizi unanichukua.

"Mama," nikasema. "Ukuta bado mbichi. Nitaegemea wapi?"

Akamaliza kunisugua kichwa. Kisha akaweka kichupa kando, akanishika mabega, akanivuta nyuma.

"Niegemee mimi," akasema.